Shajara ya kuhamia chuo cha Marekani katikati ya shahada

10 Septemba 2023: Kabla ya fomu yoyote

Nimeingia mwaka wa pili wa shahada ya takwimu. Ninachotaka kukisoma hasa ni takwimu za afya, na chuoni kwangu hakifundishwi katika shahada ya kwanza. Nimeamua kuomba kuhamia Marekani kwa muhula unaoanza Agosti 2024. Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na fedha iliyotoka, kwa sababu maelezo mengi ya Kiswahili yanamlenga mtu anayetoka sekondari, na njia ya anayehama katikati ya shahada ni nyingine kabisa.

Jambo la kwanza ni hadhi yako. Ukishasajiliwa chuo kikuu baada ya sekondari, vyuo vingi vya Marekani vinakuhesabu mwombaji wa kuhamia, hata kama umesoma muhula mmoja tu. Wapo watakaokushauri ukifiche chuo chako uombe kama mtu mpya, kwa hoja kwamba ufadhili wa wapya ni mkubwa zaidi. Usikubali. Fomu inakuuliza vyuo vyote ulivyowahi kusoma, nawe unatia saini kwamba umesema kweli. Ikigundulika baadaye, chuo kinaweza kufuta udahili wako hata ukiwa tayari darasani.

Jambo la pili ni orodha ya vyuo. Nilianza kwa swali moja: je, chuo hiki kinatoa msaada wa kifedha kwa mwanafunzi wa kigeni anayehamia? Yasome maneno yote mawili, “wa kigeni” na “anayehamia”. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vinajulikana kwa kutoangalia uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua nani aingie, lakini nafasi za kuhamia katika vyuo vya aina hiyo ni chache mno. Princeton iliwahi kuacha kabisa kupokea wanaohamia, kuanzia mwaka 1990 hadi 2018. Vyuo vingi vya umma navyo havimpi mgeni anayehamia hata senti. Kwa hiyo usiridhike na ukurasa wa jumla wa ufadhili; tafuta ukurasa wa wanaohamia, na kama haueleweki, waandikie.

Vyuo vya Chuo Kikuu cha California nimeviondoa mapema. Dirisha lao la maombi ya muhula wa vuli, ule wa kuanza mwaka wa masomo, hufunguliwa Oktoba na kufungwa mwishoni mwa Novemba, kipaumbele ni kwa wanaotoka vyuo vya jumuiya (vya miaka miwili) vya California kwenyewe, na wanamtaka mtu anayeingia mwaka wa tatu. Vyuo vingi binafsi hufunga kati ya Februari na Aprili, na Machi 1 ni tarehe utakayoiona mara nyingi. Nimebaki na vyuo sita.

Gharama: hakuna.

2 Oktoba 2023: Nakala ya matokeo, upande wa mbele na wa nyuma

Kuomba nakala rasmi ya matokeo ni kazi ya kawaida: fomu, ada ndogo, subira. Kilichonipa kazi ni kile kilichotumwa.

Ofisi ya matokeo iliiskani nakala upande mmoja tu. Upande wa nyuma ndiko kulikochapwa ufunguo wa madaraja, yaani alama ipi ni A, ipi ni B, na wastani unahesabiwaje. Kwetu alama 70 ni A. Marekani, katika madarasa mengi, 70 iko ukingoni mwa C. Sasa mtu wa udahili anayeona 68 bila ufunguo ule anaona mwanafunzi dhaifu, wakati 68 kwetu ni alama ya kujivunia. Chuo kimoja ndicho kilichonigutusha, kikaniandikia kuuliza kama alama zile ni asilimia na kama nimefaulu.

Suluhisho lilikuwa kurudi ofisini na kuomba pande zote mbili ziwe faili moja, pamoja na barua fupi ya msajili yenye mambo matatu: ufunguo wa madaraja, lugha ya kufundishia, na muda wa shahada kwa miaka. Barua hiyo ya ukurasa mmoja imenifaa kila mahali. Ukiomba nakala yako, omba na barua hii siku hiyo hiyo.

Jambo jingine dogo lenye uzito: usijibadilishie GPA, yaani wastani wa madaraja, mwenyewe. Yangu iko kwenye mizani ya 5, ya Marekani kwa kawaida ni ya 4, na kuna watu huzidisha kwa 4 na kugawa kwa 5. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu wataalamu wa tathmini hubadilisha daraja la kila kozi kwanza ndipo watafute wastani. Katika fomu, andika wastani ulivyo na utaje mizani yake.

28 Oktoba 2023: Mtihani wa Kiingereza

Nimefanya TOEFL. Kuna onyo moja kwa wanaojiandaa kwa vitabu vya maktaba: mtihani ulibadilishwa Julai 2023. Ukawa mfupi, kama saa mbili badala ya tatu, na ile insha ya kujitegemea ya dakika 30 ikaondolewa. Mahali pake pakawekwa kazi ya dakika 10 ambamo unachangia mjadala wa darasani baada ya kusoma maoni ya wanafunzi wawili. Vitabu vingi vinavyozunguka bado vinafundisha insha ya zamani. Dakika 10 zinataka ustadi mwingine: toa msimamo katika sentensi ya kwanza, jibu hoja ya mmoja wa wale wawili, leta mfano wako, maliza.

Ada ya mtihani inakupa haki ya kutuma matokeo kwa vyuo vinne bure, ila ni lazima uvichague kabla ya siku ya mtihani. Baada ya hapo kila chuo ni malipo. Matokeo hudumu miaka miwili, hivyo anayefikiria kuomba mwaka ujao anaweza kuyatumia yale yale.

Kabla ya kulipa, uliza kama unahitaji mtihani. Viwili kati ya vyuo vyangu sita vilikubali barua ya msajili kwamba masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza.

Gharama: dola 215.

19 Novemba 2023: Tathmini ya vyeti na bahasha iliyokataliwa

Vyuo vitatu katika orodha yangu vinataka tathmini ya kozi kwa kozi kutoka kwa wakala aliye mwanachama wa NACES, umoja wa wakala wa tathmini ulioanzishwa mwaka 1987. Kuna tathmini za aina mbili. Ile ya jumla husema tu kwamba umesoma kiasi fulani katika chuo kinachotambulika. Ile ya kozi kwa kozi huorodhesha kila somo, krediti zake kwa hesabu ya Marekani, na daraja. Anayehamia anahitaji ya pili. Ya kwanza ni nafuu lakini haitakusaidia, na ukiinunua utalipa tena.

Bahasha yangu ya kwanza ilikataliwa. Chuo kiliifunga, lakini hakikuweka muhuri juu ya mkunjo wa nyuma, pale bahasha inapobandikwa. Kwa wakala, bahasha isiyo na muhuri au saini pale ni sawa na iliyofunguliwa. Nikalipia usafirishaji mara ya pili. Kabla bahasha haijaondoka ofisini, igeuze: muhuri wa chuo ukae nusu kwenye mkunjo na nusu kwenye bahasha yenyewe, na nambari yako ya kumbukumbu ya wakala iandikwe mbele. Tena isitumwe na wewe; mtumaji awe chuo, hata kama fedha ya usafirishaji imetoka mfukoni mwako. Chuo chako kikiweza kutuma kwa njia ya kielektroniki moja kwa moja kwa wakala, chagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Hapa pia ndipo nilipoanza kuzielewa krediti. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120 kwa hesabu ya Uingereza na nchi zinazoifuata, ni 60 kwa hesabu ya ECTS ya Ulaya, na ni kama 30 kwa hesabu ya Marekani, ambako shahada nzima ya kwanza huwa na krediti 120. Kwa hiyo usione krediti 240 kwenye karatasi yako ukadhani umepita shahada yao mara mbili. Krediti moja ya Marekani ni saa moja ya darasani kwa wiki pamoja na saa mbili za kujisomea, kwa muhula wa takriban wiki 15. Ukiijua kanuni hiyo unaweza kujikadiria mwenyewe kozi yako ina uzito gani.

Gharama: tathmini dola 210, usafirishaji wa bahasha mbili dola 120.

14 Januari 2024: Silabasi

Ukisoma sehemu moja tu ya shajara hii, isome hii.

Wengi tunahangaika na insha. Mimi sasa naamini kwamba kwa anayehamia, silabasi ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote. Insha inaweza kukuingiza chuoni, lakini silabasi ndiyo inayoamua utakaa miaka mingapi, na kila mwaka unaoongezeka ni ada ya mwaka mzima. Katika vyuo binafsi vingi, gharama zote za mwaka, ada, malazi na chakula, zinapita dola 80,000 kabla ya msaada. Kozi tano zisipokubaliwa, umeshapoteza nusu mwaka.

Idara yangu ilinipa maelezo ya kozi kutoka kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo. Kozi ya Uwezekano ilielezwa hivi: “Utangulizi wa uwezekano, vigezo nasibu, migawanyo muhimu na matumizi yake.” Basi. Nilimtumia mtu wa tathmini wa chuo kimoja kumwomba maoni ya awali, naye akajibu kwa upole kwamba kwa maelezo hayo angeipa krediti ya hiari tu. Maana yake krediti inahesabika katika jumla, lakini haifuti somo lolote la lazima katika shahada yako. Ungeirudia kozi ile ile.

Sababu yake ni hii. Marekani kuna kozi mbili za uwezekano zenye jina linalokaribiana. Moja ni ya watu wote, haina kalkulasi. Nyingine inadai umeshasoma kalkulasi ya vigezo vingi, nayo ndiyo ya wanafunzi wa takwimu. Maelezo ya mstari mmoja hayaonyeshi yangu ni ipi.

Nikaenda kwa mhadhiri aliyetufundisha. Nilimwamkia nikamwambia, “Mwalimu, wanataka kuona kama tulitumia integrali.” Akacheka, akafungua daftari lake la kufundishia. Tukaandika silabasi upya kutoka kwenye daftari hilo, wiki kwa wiki, bila kuongeza kitu ambacho hakikufundishwa. Wiki ya tano: mgawanyo wa Poisson na uhusiano wake na binomia. Wiki ya saba: msongamano wa pamoja wa vigezo viwili, kutafuta uwezekano kwa integrali mbili juu ya eneo la pembetatu. Wiki ya tisa: kubadilisha vigezo kwa Jacobian. Mtu yeyote wa hisabati akiona neno Jacobian anajua mara moja kozi ile si ya utangulizi. Mwalimu akatia saini, idara ikagonga muhuri.

Silabasi inayofaa, kwa nilivyojifunza kutoka kwa majibu ya vyuo, inaonyesha mada za kila wiki, kitabu kilichotumika na toleo lake, kozi iliyotangulia, saa za mihadhara na za mazoezi, na namna alama zilivyogawanywa. Kwa kozi yenye maabara, saa za maabara ziandikwe peke yake, kwa kuwa vyuo vingi huhesabu maabara kando. Nimefanya hivyo kwa kozi zote za hisabati, takwimu na kompyuta. Kozi za jumla kama stadi za mawasiliano nimeziacha na maelezo ya kitabu cha mwongozo. Mara nyingi huingia kama za hiari hata ufanye nini.

Wahadhiri wawili hawakuwa na daftari wala silabasi ya mwaka ule. Kwa kozi zao nimeambatanisha karatasi ya mtihani wa mwisho na orodha ya mazoezi. Sijui kama zitatosha. Nitaandika matokeo hapa.

3 Februari 2024: Fomu zinazojazwa na wengine

Maombi ya kuhamia kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi, yana fomu ambazo anayetoka sekondari hazijui. Ile ya chuo, College Report, inajazwa na ofisi ya chuo chako kuthibitisha kwamba una hadhi njema, hujafukuzwa wala kusimamishwa. Nyingine ni ripoti ya katikati ya muhula, ambamo walimu wanaandika alama zako za kozi unazosoma sasa hivi.

Shida ya fomu hizi ni kwamba kwetu hakuna ofisi inayozijua. Msajili alinielekeza kwa mlezi wa wanafunzi, mlezi akanirudisha kwa msajili. Kilichofanya kazi ni kwenda na barua ya maelezo iliyochapwa: fomu hii inauliza nini, nani anaruhusiwa kuijaza, itatumwaje, mwisho lini. Mkuu wa idara aliisoma akasema yeye anaweza kuijaza, na kweli anaruhusiwa, mradi ana uwezo wa kuona rekodi zangu. Ukifika na maelezo mkononi unamwondolea ofisa hofu ya kutia saini kitu asichokielewa.

Barua za mapendekezo nimeomba kwa wahadhiri wawili walionifundisha, hakuna mwingine. Barua ya mtu mkubwa asiyekufahamu darasani haina faida. Mmoja hakuwa na barua pepe ya chuo, akatumia ya binafsi. Chuo kimoja kiliitilia shaka na kutaka uthibitisho. Idara ilipoandika barua kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa wake, mambo yakatulia.

Matokeo ya sekondari nayo yanatakiwa katika vyuo vingi, hata uwe mwaka wa pili. Yatafute mapema.

27 Februari 2024: Insha na kutuma

Insha ya kuhamia ina swali moja la msingi: kwa nini unaondoka, na kwa nini unakuja hapa? Rasimu yangu ya kwanza ilitumia nafasi kubwa kueleza mapungufu ya chuo changu. Mhadhiri aliyeisoma aliniambia nimemweleza msomaji ninachokikimbia, sijamweleza ninachokifuata. Niliibadilisha ikaanza na kozi ya Uwezekano, ikaenda kwenye swali la takwimu za afya ninalotaka kulifanyia kazi, ikaishia na kozi mbili za chuo husika ambazo zingenifikisha huko. Chuo changu nilikitaja kwa heshima, kwa sababu kimenifundisha hisabati nzuri.

Ada za maombi: vyuo vitatu vilinisamehe baada ya kuomba kwa barua pepe fupi yenye maelezo ya hali ya familia. Vitatu nililipa, dola 205 kwa jumla. Msaada wa kifedha: viwili vilitaka CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya kifedha ya familia, ambayo ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Kimoja kilipokea fomu ya ISFAA, yenye kazi hiyo hiyo, ambayo ni bure. Kwenye CSS, mapato ya mzazi asiye na ajira rasmi ndiyo yaliyosumbua, kwa kuwa fomu inataka hati za kodi. Tuliandika barua ya maelezo yenye hesabu ya mwaka mzima, mzazi akasaini, ikapokelewa.

Gharama: dola 246.

18 Mei 2024: Majibu

Vyuo vitatu vimekataa. Kimoja kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Viwili vimekubali, na kimoja kati ya hivyo viwili hakijatoa msaada wowote, kwa hiyo ni kama hakijakubali. Kilichobaki kimetoa ufadhili unaofunika sehemu kubwa. Tofauti ataibeba shangazi yangu, aliyekwisha kukubali kabla sijaanza kuomba. Zungumzeni mapema nyumbani kuhusu kiasi, kwa tarakimu. Ahadi ya “tutaona” haiwezi kuandikwa kwenye fomu ya mdhamini.

Sikusema ndiyo siku hiyo hiyo. Nilimwandikia msajili wao kuomba tathmini ya awali ya krediti kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, nikatuma silabasi zote. Tathmini ya NACES ni ushauri tu; uamuzi ni wa chuo. Wao wamekubali 43, na 12 kati ya hizo ni za hiari. Uwezekano imeingia kama kozi ya lazima ya takwimu, bila swali. Kozi zile mbili zilizokuwa na karatasi ya mtihani tu, Kalkulasi ya Pili na Miundo ya Data, hazikukubaliwa.

Kwa krediti 43 ningemaliza kwa miaka mitatu. Hata krediti zote zikikubaliwa, vyuo vingi vinadai karibu nusu ya shahada isomwe kwao, kwa hiyo miaka miwili ndiyo kasi ya juu kabisa. Nimeuliza utaratibu wa rufaa, nao upo: mkuu wa idara ya somo ndiye anayeamua, na anaweza kupokea ushahidi mpya hadi mwisho wa muhula wa kwanza. Nimelipa amana.

Fahamu pia kwamba madaraja ya nyumbani kwa kawaida hayaingii kwenye GPA mpya. Krediti zinahama, wastani unaanza upya.

Gharama: amana dola 300.

9 Juni 2024: Fomu ya I-20

I-20 ni hati ambayo chuo kinampa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza. Hapa kuna mtego wa maneno ya mfumo. Kwa kuwa niliomba kama mwanafunzi wa kuhamia, mfumo wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ulinitumia fomu ya kuhamisha rekodi ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, ikitaka saini ya ofisa wa chuo ninachotoka. Fomu hiyo ni ya mtu ambaye tayari yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na anatoka chuo kimoja kwenda kingine. Anayetoka nje ya nchi hana rekodi yoyote ya SEVIS, na chuo chake hakiwezi kuisaini. Maombi yangu yalikaa bila kusogea kwa sababu mfumo ulikuwa ukisubiri hati isiyoweza kuwepo.

Niliandika mistari mitatu: niko nje ya Marekani, sijawahi kuwa na hadhi ya F-1, naomba I-20 ya kuanza. Ofisa akalifungua faili kwa mkono. I-20 ilipofika kwa barua pepe nilikagua ukurasa wa kwanza: sababu ya kutolewa imeandikwa INITIAL ATTENDANCE, jina ni kama lilivyo kwenye pasipoti, na nambari ya SEVIS inaanza na herufi N. Kosa lolote hapo lirekebishwe kabla ya kulipa chochote.

Ushahidi wa fedha: barua ya benki ya shangazi ilitaja salio tu. Walirudisha wakitaka tarehe, sarafu na jina kamili la mwenye akaunti. Tuliongeza taarifa ya miezi sita. Kama kuna kiasi kikubwa kilichoingia karibuni, andaa karatasi inayoonyesha kilikotoka. Chuo kitaiuliza, na ubalozi pia.

7 Julai 2024: Viza

Ada ya SEVIS, I-901, ni dola 350. Ada ya maombi ya viza ni dola 185. Hairejeshwi ukikataliwa. Raia wa baadhi ya nchi hawawezi kulipa I-901 kwa kadi, hutumia njia nyingine kama Western Union. Soma maelekezo ya nchi yako kwanza. Chapa risiti.

Fomu ya maombi ya viza, DS-160, hujifunga ukikaa muda bila kugusa kitu, na yote uliyoandika hupotea usipohifadhi. Nakili nambari ya maombi kabla ya ukurasa wa pili. Picha yangu ya studio ilikataliwa na mfumo kwa kuwa faili ilizidi kilobaiti 240. Mwenye studio aliipunguza bila kuigusa sura.

Mahojiano yalikuwa mafupi. Kisheria, chini ya kifungu cha 214(b), ofisa anaanza na dhana kwamba unataka kuhamia huko moja kwa moja, na ni juu yako kumridhisha kwamba sivyo. Anayehama katikati ya shahada ataulizwa swali moja ambalo wengine hawaulizwi.

“Kwa nini usimalizie unakosoma?”

Nilijibu kwa kozi: nilichosoma, kisichofundishwa, kinachofundishwa kule, na kazi ninayotaka kurudi kuifanya nyumbani. Nilikuwa na tathmini ya krediti mkononi, ofisa akaitazama. Akauliza nani analipa, nikamjibu kwa tarakimu zilizo kwenye I-20. Viza imetoka.

Chuoni nyumbani sikuandika barua ya kujitoa hadi pasipoti ilipokuwa mkononi. Kabla ya hapo niliomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu ukishajitoa ni vigumu kurudi, na kuahirisha kunakuachia kiti chako.

Gharama: dola 535.

25 Agosti 2024: Usajili

Mwenye I-20 ya kuanza haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo. Nilifika ndani ya muda huo. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilitakiwa dozi mbili zenye tarehe. Kadi yangu ilionyesha moja, nikachomwa ya pili hapa kabla ya mfumo kuniruhusu kusajili kozi. Ni lazima kusoma angalau krediti 12 kwa muhula ili kulinda hadhi ya F-1.

Rufaa ya krediti niliipeleka wiki ya kwanza. Mkuu wa idara ya hisabati alinikalisha, akanipa maswali mawili ya mfululizo wa Taylor ubaoni, akanitazama nikiyafanya, kisha akatia saini Kalkulasi ya Pili papo hapo: krediti nne. Kwa Miundo ya Data, mhadhiri wangu wa nyumbani aliandika silabasi ya wiki kwa wiki kutoka kwenye slaidi zake na kuituma mwenyewe. Idara ya kompyuta ikakubali krediti tatu. Sasa nina 50. Mshauri wangu amepanga kozi upya, na kwa kuchukua krediti chache wakati wa kiangazi nitamaliza kwa miaka miwili na nusu.

Jumla ya gharama bila nauli, pasipoti na ada ndogo za nyumbani: TOEFL 215, tathmini 210, bahasha 120, maombi na CSS 246, amana 300, SEVIS na viza 535. Ni dola 1,626. Kati ya hizo, dola 60 za bahasha ya pili ndizo pekee ambazo anayenifuata anaweza kuziokoa kwa hakika, na TOEFL kama vyuo vyote anavyoomba vinakubali barua ya msajili.

Silabasi zangu za wiki kwa wiki nimeziacha katika idara nyumbani, zikiwa na muhuri. Mwanafunzi wa takwimu anayefuata asianze kuziandika upya. Aziombe kwa katibu wa idara, aangalie kama kitabu cha kozi kimebadilika, abadilishe mwaka, na apeleke kwa mhadhiri zitiwe saini mpya.